Tiketi Isiyoombwa

Ijumaa, 27 Februari 1976

Msimu wa mbio umefunguliwa. Theluji imebaki pembezoni mwa uwanja, katikati ni tope tupu, na farasi wa mbio ya tatu walirudi wote wana rangi moja. Nimepewa dirisha langu lile lile la kuuza tiketi za kamari za dola mbili, la nne kutoka mlangoni. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili. Merle Haskins, mkuu wetu wa madirisha, alinipokea kwa maneno yake ya kila mwaka, kwamba mimi na mashine hii ya tiketi tutazikwa pamoja.

Kidole gumba cha mkono wa kulia bado kinacheza. Kilianza kabla ya Krismasi. Nikiutumia mkono hutulia, ingawa si mara zote; nikiupumzisha kinaanza tena kusuguana na kidole cha shahada kana kwamba kuna punje katikati yao. Nauweka mfukoni mwa aproni watu wasione. Ni baridi tu, na umri. Miaka hamsini na mitatu si haba.

Jumamosi, 28 Februari

Leo nimekosea tiketi. Katika miaka yangu yote hapa nimekosea labda mara kumi, na zote nazikumbuka.

Lumir Zoubek alikuja na shemeji yake, Stanley Pokorny. Lumir nasali naye parokia moja tangu utotoni lakini sijawahi kumwona uwanjani. Ni mkulima wa mahindi, mtu wa ng'ombe wake na nyumba yake. Mkewe, Rozi, tulimzika Novemba. Stanley, ambaye hajakosa siku ya mbio tangu arudi vitani, ndiye aliyemkokota, ati mtu akikaa peke yake na saa ya ukutani mwisho ataanza kuzungumza nayo. Nilimsikia akimfundisha kwenye foleni: taja namba ya farasi, toa dola mbili, usiongeze neno.

Lumir akataja namba nne. Nikabonyeza, na nilipoiinua tiketi nikaona tano. Kidole kilikuwa kimeruka. Sheria ya hapa kila mtu anaijua: tiketi ikishatoka hairudi, na mteja akiikataa ni ya muuzaji, analipa mwenyewe. Nilimwomba radhi, nikasema hii ni yangu, ngoja nikutolee nyingine. Akaiangalia kwa muda.

"Usijisumbue, Bi Blanka," alisema. "Kama imetoka, imetoka. Nipe hiyo hiyo."

Namba tano alikuwa farasi jike aitwaye Taa ya Jikoni, ambaye hakuna aliyemtaka, malipo yake thelathini na nane kwa moja. Alitoka nyuma kabisa kwenye tope akashinda kwa urefu wa shingo. Stanley alimkumbatia mtu asiyemjua. Lumir hakwenda dirisha la malipo, alirudi kwangu, mweupe usoni kama unga. Alisema kwamba kwa miaka arobaini Rozi hakuwahi kuzima taa ya jikoni mpaka yeye arudi kutoka shambani.

Walio nyuma yake walikuwa wanagonga kaunta.

Jumatano ya Majivu, 3 Machi

Nusu ya wanaume waliokuja leo walikuwa na majivu kwenye paji la uso. Wameacha bia, wameacha nyama, wengine wameacha hata kutukana, lakini sijaona aliyeacha farasi kwa ajili ya Kwaresima. Husema msimu wenyewe umo humo humo, na kalenda kaipanga Mungu.

Lumir alikuja bila Stanley. Dirisha la tatu halikuwa na mtu, la tano lilikuwa na mmoja tu. Yeye akasimama kwenye foleni yangu nyuma ya watu wanane. Aliomba namba mbili. Hakunitazama usoni, aliutazama mkono wangu tangu ulipotoka mfukoni mpaka ulipompa tiketi. Nilimpa mbili, sawasawa. Akashukuru, akaenda, akapoteza, akarudi mbio iliyofuata. Mara saba amesimama mbele yangu leo, dola mbili mbili, na mara zote saba macho yalikuwa mkononi mwangu.

Nilijihisi kama niliyevuliwa nguo.

Ijumaa, 5 Machi

Upepo. Lumir tena, mara sita.

Jumamosi, 6 Machi

Korongo wamefika mtoni. Asubuhi yote walipita juu ya paa la jukwaa kwa maelfu, wakilia, na farasi wakagoma kuingia kwenye vizuizi vya kuanzia. Mama yangu alikuwa akisema wanalia vile kwa sababu kila mwaka hapa kwetu ndipo wanapohesabu waliobaki.

Mbio ya tano Lumir aliomba namba moja, nikampa namba mbili. Nilikiona kidole kikienda na sikuweza kukirudisha, kama kidole cha mtu mwingine. Nilitaka kuificha tiketi lakini alikuwa ameshaiona. Aliipokea kwa mikono miwili, akaandika kitu pembezoni mwa kijitabu chake cha mbio, akaondoka. Farasi wake alikuwa wa mwisho. Hata hivyo alirudi kunishukuru.

Jumatano, 10 Machi

Mjini wanasema Rozi Zoubek anaongea kupitia dirisha la nne.

Nilimkamata Stanley kando ya banda la soseji nikamwambia afunge mdomo. Akala kwanza, akafuta haradali kwenye masharubu, hana wasiwasi wowote.

"Mimi sijasema kitu, nimesimulia tu," alisema. "Shemeji alikuwa hali, sasa anakula. Alikuwa hatoki, sasa siku za mbio ananyoa ndevu. Halafu wewe unakasirika nini? Kama si Rozi aliyeisukuma ile tiketi, ni nani?"

Ningeweza kumjibu kwa kuutoa mkono mfukoni. Sikuutoa.

Jumamosi, 13 Machi

Miaka yote hii nimeona jinsi mtu anavyoanza. Wasiojua hudhani ni tamaa. Tamaa huja baadaye. Mtu huanza kwa kusindikiza: bibi harusi anamfuata mumewe, mjukuu anabebwa begani, mwalimu anakuja kwa sababu garini mwa rafiki yake kulikuwa na nafasi. Anataja tarehe aliyozaliwa kwa kuwa hana namba nyingine. Kisha vizuizi vinafunguka, na kwa dakika moja na robo kuna kitu duniani kinachokimbia kwa niaba yake. Anayepoteza siku hiyo huenda nyumbani akala chakula chake. Anayeshinda ndiye wa kuhurumiwa.

Baba yangu alishinda siku yake ya kwanza, kwenye maonyesho ya wilaya mwaka wa thelathini na moja. Kabla ya mavuno alikuwa ameondoka na farasi wetu wawili wa kulimia, akarudi kwa miguu amebeba hatamu. Nilichukua kazi ya dirishani kwa sababu mishahara ilikuwa mizuri, na tangu hapo nimeuza tiketi zisizo na idadi, sijanunua hata moja.

Leo wamekuja akina mama wa parokia, sita, wale wale wanaooka kolache, mikate mitamu ya mazishi. Mbele yao alikuwa Agnes Hruby, ambaye mwaka jana alikataa niwe mweka hazina wa chama chao kwa sababu ya kazi yangu. Hawajawahi kukanyaga hapa. Walikuwa wamevaa kofia za kanisani.

"Sichezi kamari mimi," Agnes aliniambia, huku akitoa dola mbili. "Nasikiliza tu."

Mkono haukuteleza hata mara moja, na wote sita wakaninunia. Lakini mbio ya saba, farasi walipopinda kona ya mwisho, nilisikia sauti ya Agnes kutoka jukwaani ikizidi sauti za wanaume wote. Atarudi. Namjua mtu wa kurudi.

Ijumaa, 19 Machi

Dhoruba ya theluji, mbio zimeahirishwa. Nimetumia muda mrefu kufunga vifungo vya koti, kisha sikwenda popote.

Jumatano, 24 Machi

Leo ni siku aliyozaliwa Rozi, ilitajwa kwenye misa ya asubuhi. Lumir alikuja amevaa tai. Amekonda. Mbio baada ya mbio alisimama mbele yangu, na leo mkono wangu ulikuwa mtiifu kabisa. Kwenye mbio ya mwisho nilimwonea huruma. Aliomba tatu, nikabonyeza sita makusudi, kisha nikajifanya nimeshtuka.

Hakuigusa. Aliitazama tiketi, akautazama mkono, halafu kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze akanitazama machoni.

"Hapana," alisema kwa upole. "Hii umeifanya wewe."

Nimeilipa mwenyewe. Niko hapa mezani na chakula kimepoa. Amejuaje? Kama anaweza kutofautisha tiketi yangu na zile nyingine, basi zile nyingine ni za nani? Mimi ndiye ninayejua kwamba ni baridi, au uchovu, au maradhi, au chochote kile, na mimi huyo huyo ndiye ninayeogopa. Nimewasha taa zote za nyumba na jua bado halijazama.

Jumamosi, 27 Machi

Kazi tangu saa tano asubuhi. Foleni yangu imezidi madirisha mengine matatu yakijumlishwa. Wamekuja watu kutoka wilaya mbili za jirani, watu ambao hawajui kichwa cha farasi kiko upande gani, na mmoja aliniletea picha ya marehemu kaka yake akaiegemeza kwenye kioo. Nilikosea mara mbili. Mara ya pili watu walipiga makofi.

Merle alikuja kusimama nyuma yangu. Anafurahia biashara lakini si mjinga.

"Dada, wafu wakija kununua tiketi sina neno nao," alisema. "Wakianza kuziuza, hapo itabidi niandike ripoti."

Nilicheka. Mkono niliukalia. Bila kazi hii ya masika na ile ya maonyesho ya vuli sina mshahara, na hakuna anayemwajiri mwanamke wa umri wangu mwenye mkono usiosikia.

Ijumaa, 2 Aprili

Theluji imekwisha. Korongo wanapungua kila siku.

Jioni mapema Delores, binti wa pekee wa Lumir, alikuja nyumbani. Ana saluni yake mjini na kwa kawaida ni mtu wa maneno matamu. Leo hakuvua hata koti. Alisema vijitabu vya mbio vimejaa meza ya jikoni ya baba yake, pembeni vimeandikwa andikwa na hamruhusu kuvigusa. Alisema kuna mtu anakuja kupima zile ekari themanini za kaskazini, zilizofyekwa na babu yake, na karatasi zitatiwa saini Jumatatu tarehe ishirini na sita, siku mbili baada ya msimu kufungwa.

Nilimwambia baba yake hajawahi kuniomba zaidi ya tiketi ya dola mbili.

"Kwako," alisema. "Kwingine unajua? Anauza ardhi ili aendelee kuongea na mama. Bi Blanka, mimi mwenyewe nilikuwepo mama alipokata roho, na hakuwa na nguvu ya kusukuma hata kijiko. Mwambie ni mashine mbovu. Mwambie uongo wowote unaoutaka, mradi aache."

Kisha akasema lile lililokuwa limemleta. "Kila mtu anajua habari ya baba yako na farasi wa jembe. Nilidhani wewe kuliko watu wote ungemhurumia."

Nimemuahidi nitamwambia kabla ya tarehe hiyo. Nimeahidi nikiwa nimeshika mkono mmoja kwa mwingine.

Jumamosi, 3 Aprili

Sikumwambia. Foleni.

Jumatano, 7 Aprili

Sikumwambia. Nilianza kusema, akaja Agnes na kofia yake. Siku hizi anasoma rekodi za farasi kwa penseli na kumbishia Stanley. Hautazami tena mkono wangu.

Jumamosi, 10 Aprili

Makosa matatu kwa siku moja. Matatu yote kwa Lumir au mbele yake, na kila mara aliandika pembezoni mwa kijitabu. Nilimchukia leo, na ni bora niandike hivyo. Nilimchukia kwa uvumilivu wake, kwa ile shukrani yake, kwa macho yale yasiyoondoka. Nilitaka apoteze shamba lote aone. Halafu alipogeuka nikaona kola ya shati lake imepigwa pasi upande mmoja tu, na nikajisikia vibaya.

Ijumaa Kuu, 16 Aprili

Hakuna mbio. Kanisani tulipanga foleni kwenda kubusu msalaba. Nilipoinama na kushika mbao mkono ulianza, na niliusikia ukigonga, taratibu, kila mtu akiwa kimya. Lumir alikuwa nyuma yangu hatua moja.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nikiwasomea wengine methali hiyo.

Jumatatu ya Pasaka, 19 Aprili

Ni siku ambayo wanaume wa kwetu, kwa desturi ya mababu waliohamia huku, huwachapa wanawake miguuni kwa fito za mierebi, ati wasikauke mwaka mzima. Stanley alinichapa kwenye lango la kanisa, akacheka peke yake. Kutoka hapo niliendesha gari moja kwa moja mpaka kwa Lumir, mchana kweupe, nisije nikapata muda wa kufikiri.

Nilimkuta jikoni. Taa ilikuwa inawaka ingawa jua lilijaa dirishani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti. Kwamba si Rozi. Kwamba ni mkono wangu, unacheza tangu Desemba, na nimeuficha kwa sababu ya kazi. Kwamba ile ya siku ya kuzaliwa nilimdanganya makusudi. Kwamba asiuze ardhi ya baba yake kwa ajili ya kidole kibovu cha mwanamke anayeogopa. Nililia, sikutaka lakini nililia.

Hakushtuka. Alisogeza vijitabu upande mmoja wa meza.

"Kaa, Bi Blanka," alisema. "Uweke mkono hapa. Usiuzuie."

Niliuweka juu ya kitambaa cha plastiki. Ukatulia kidogo, kisha gumba likaanza kusugua shahada, polepole, bila kukoma. Sijawahi kuuachia mbele ya mtu. Tuliutazama wote wawili.

"Rozi alianza hivyo hivyo, mwaka wa sitini na saba," alisema. "Gumba na shahada. Tukasema ni kwa kukamua sana ng'ombe."

Nilimuuliza alijua lini.

"Siku ile ya kwanza niliamini ni yeye. Nilirudi nyumbani nikaiacha taa iwake, na mpaka leo sijaizima. Ile Jumatano ya Majivu nilikuja kumsikiliza, basi. Nikakiona kidole chako kabla hakijafika kwenye kitufe. Nikajua kilichomchukua mke wangu kiko pale, kimekaa kwa mtu mwingine, na mwenyewe anakificha kwenye aproni. Ningekaaje nyumbani?"

Alinisukumia vijitabu. Nilikuwa nimedhani ni hesabu za farasi. Pembezoni ni mimi. Machi 6, mbio ya tano, gumba. Machi 27, amechelewa kurudisha chenji. Aprili 7, hakupepesa macho muda mrefu. Aprili 10, mkono wa kushoto pia.

Wa kushoto sikuwa nikijua. Niliutazama pale ulipokuwa, juu ya goti langu, na sikuthubutu kuuachia.

Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuniambia, wiki zote hizi, huku watu wakiniletea picha za maiti wao.

"Rozi nilimwambia mapema," alisema. "Daktari alisema mwambie, nikamwambia. Miaka minane alinitazama kama mimi ndiye niliyemletea. Kwako nikaogopa. Nikajiambia yakifika makosa matano nitasema. Yalipofika matano nikasema ngoja kumi, huenda wiki ijayo akawa mzima. Kila asubuhi ya mbio naamka nikiwa na hakika kwamba leo mkono hautateleza." Akakigusa kijitabu cha juu. "Hivyo ndivyo nilivyojifunza kamari, Bi Blanka. Farasi hata siwajui majina."

Kuhusu ardhi alisema magoti yake yamekwisha na hana wa kumlimia. Delores amemwambia hivyo mara tatu, ila binti anapenda zaidi ile habari ya mzimu, kwa sababu ukiwa na mzimu bado una mama.

Aliniandalia kahawa, akanijazia nusu kikombe tu bila kuniuliza. Nilipokuwa nainuka aliniuliza mwandiko wangu ukoje. Nikamwambia mzuri, walimu waliusifu. Akasema Rozi alianza kuandika orodha za dukani kwa herufi ndogo, halafu ndogo zaidi, mpaka muuza duka akawa anapiga simu kuuliza.

Nimerudi nyumbani nikafungua daftari hili mwanzo. Tarehe ishirini na saba Februari ukurasa una mistari kumi na minane. Huu ninaoandika sasa una arobaini na moja na bado nafasi ipo. Nilidhani nabana matumizi ya karatasi. Nimejaribu kuandika jina langu kwa herufi kubwa, pole pole, mara nne. Kila mara linaanza kubwa na kumalizikia dogo, kana kwamba mwenye jina anaondoka.

Jumanne, 20 Aprili

Nimemwambia Merle. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema nibaki mpaka Jumamosi kama nataka. Nimesema sitaki. Daktari wa jijini Omaha ananiona tarehe tatu Mei, na Lumir atanipeleka kwa gari lake.

Jumamosi, 24 Aprili

Siku ya mwisho ya msimu. Anga tupu, korongo wote wameondoka, na sikujua kimya chao kinaweza kusikika hivi.

Nilikwenda kama mteja. Lumir alinisubiri langoni na kijitabu kipya kisichoandikwa kitu. Delores alikuwa naye, alinishika bega. Agnes na wenzake walikuwa kwenye dirisha la tano, wamenisahau, wanabishana kuhusu farasi wa kijivu. Kwenye dirisha la nne wamemweka binti wa miaka ishirini aitwaye Connie, mchangamfu, kucha zimepakwa rangi ya waridi.

Mbio ya mwisho nilipanga foleni. Sijui kwa nini. Miaka ishirini na miwili nimekaa upande ule wa kioo nikiwatazama watu wakianza, na nilijiona nawaelewa. Lumir alisimama kando yangu. Zamu yangu ilipofika niliweka dola mbili kwenye kaunta kwa mkono wa kulia, ukatetemeka mbele ya watu wote, na nikaomba namba nane.

Sikuangalia ubao wala farasi. Nilijikuta nautazama mkono wa Connie, mkono mchanga, mzima, usio na kosa, na nikaomba kwa moyo wangu wote uteleze. Uteleze mara moja tu, nijue kwamba mkono wowote huteleza na haimaanishi kitu. Niliutazama kama nilivyotazamwa mimi msimu mzima, na kabla haujafika kwenye kitufe nilikuwa na hakika kwamba utateleza.

Alinipa nane.